Nyasi za Makaburini

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiingia kwenye somo la kwanza la ekolojia nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa wamekaa wima, madaftari mapya mbele yao, wakingoja niwaandikie ubaoni jina gumu la Kilatini. Mimi nakunywa kwanza. Nakunywa taratibu mpaka mmoja wao aanze kucheka, halafu nauliza: "Hapa nakunywa nini?"

"Chai, madam."

"Na maziwa yaliyomo yametoka wapi?"

Yametoka kwa ng'ombe. Na ng'ombe? Ameyapata kwenye nyasi. Na nyasi? Hapo hutazamana, mpaka yule anayeketi karibu na dirisha aseme jua. "Basi nakunywa jua," nawaambia. "Limepita kwenye nyasi, likapita kwenye ng'ombe, na kila lilipopita limeacha sehemu kubwa njiani. Lililofika kikombeni humu ni makombo." Wanacheka, wanaandika. Vitabu tulivyo navyo vimejaa theluji na misonobari na wanyama ambao mtoto wa Garissa hatawaona mpaka afe, na mimi vitabu vya namna hiyo hunitia hasira. Kikombe kimoja cha chai kinafundisha zaidi.

Chai hiyo naichukua kwenye kibanda kilicho nje ya lango la chuo. Mwenye kibanda ni mjane, mwembamba, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, mwenye sauti ya kugombana hata anapokuombea dua, na Kiswahili cha lafudhi ya Kisomali, p ikiwa b, v ikiwa f. Mimi ni mtu wa mtoni. Wazazi wangu walilima kando ya Tana, chini ya daraja, na Kisomali nilikiokota barabarani nikiwa mtoto. Kwa hiyo nilimwita eddo, yaani shangazi, na yeye akaniita eddo. Wageni hulishangaa jambo hili. Lakini ndivyo Wasomali walivyo: mama humwita mwanawe mama, shangazi humwita mpwa wake shangazi. Neno ni hilo moja, mnapokezana, kama sahani ya futari kati ya majirani, ambayo hairudishwi tupu. Madam lilikuwa jina la wahadhiri waliotoka Nairobi, watu aliowauzia chai na kuwasahau. Mimi alikuwa hajawahi kuniita hivyo, na nikiri kwamba nilijivunia.

Maziwa ya chai yake yalitoka kwa ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa na mmoja tu, mwekundu, pembe moja imepinda kuelekea jichoni, akilala nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Waberi. Mumewe aliacha watano. Ukame ulichukua wanne, mmoja mmoja, na huyu akabaki. Kila asubuhi alikamuliwa kabla ya alfajiri, na saa moja na nusu nilikuwa nimeshika kikombe. Ng'ombe huyo nilimjua kuliko nilivyowajua baadhi ya wenzangu wa idara, na nilimpenda kuliko wengi wao.

Sasa niseme habari za makaburi.

Nje ya mji, upande wa barabara ya Modogashe, kuna makaburi ya zamani yaliyozungushiwa ua wa miiba. Mnyama haingii mle, na mti haukatwi. Nje ya ua mbuzi wameilamba ardhi mpaka imekuwa sakafu. Ndani, hata katika kiangazi, nyasi zilikuwa zinafika magotini. Nilipopaona mara ya kwanza moyo ulinidunda kama wa msichana aliyechumbiwa. Mtu anayefundisha ekolojia anahitaji sehemu ya kulinganishia. Huwezi kujua midomo ya mifugo inaifanyia nini nchi mpaka upate kipande kisichofikiwa na midomo. Wenzetu wa nchi nyingine hujenga uzio wa nyaya na kuajiri walinzi. Mimi nilikuwa na maiti, na hakuna walinzi wanaoheshimiwa kama wao.

Shida ni kwamba mimi ni mwanamke. Kwetu mwanamke hafuatani na jeneza mpaka kaburini, na mlinzi wa pale, mzee mwenye ndevu za hina na hasira za karibu, hakuwa tayari kuanzisha mila mpya kwa ajili ya chuo. Wavulana waliingia. Mimi na wasichana wa darasa tulibaki nje ya ua na madaftari, nikipiga kelele juu ya miiba: "Fremu ilale sawa! Msikanyage!" Fremu ni mbao nne zilizopigiliwa ziwe mraba, mita moja kila upande, unailaza chini na kuhesabu kilichomo. Vitabu vinasema uirushe bila kutazama ili usichague. Mlinzi alikataa katakata. "Hakuna kurusha mbao juu ya Waislamu wamelala," alisema, na nikaona ana haki. Idadi ya hatua tukaipata kwa kuokota vikaratasi bila kutazama, na fremu zikawekwa kwenye vijia vya katikati, mbali na makaburi yenyewe. Kila fremu walipima urefu wa nyasi, wakakata kona ndogo, wakatia kwenye bahasha ya kaki, tukaenda kukausha na kupima uzito maabara. Kwa hiyo kwa mihula miwili nilikuwa bingwa wa nyasi ambazo sikuwahi kuzigusa zikiwa zimesimama.

Nilikuwa naandika kitabu. Kidogo tu, cha mwaka wa kwanza, chenye mifano ya huku kwetu badala ya theluji. Jedwali la makaburi lingekuwa sura ya kwanza. Mihula miwili ilikuwa tayari, na wa tatu ulikuwa umeangukia kwenye ukame, mvua ya pili imekosekana mfululizo. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Nilitaka kuonyesha kwamba pasipo na midomo, nyasi husimama hata mvua isiponyesha. Nasema hivi wazi kwa sababu watu wakiomba mvua msikitini, mimi nami niliomba, lakini sehemu yangu moja ilikuwa inaomba isubiri mwisho wa muhula.

Na nisijifiche nyuma ya maneno: nilijua kuhusu wajane. Kuna desturi pale. Kiangazi kikizidi na nyasi za makaburini zikakauka kabisa, kamati ya msikiti huwaruhusu wajane waingie na mundu, kila mmoja na zamu yake, wakate nyasi kavu wakawape wanyama wao. Kwa jambo hilo mwanamke huingia mle, mlinzi mwenyewe humfungulia. Wanaoruhusiwa ni wajane tu. Hakuna mwenye ng'ombe mia anayethubutu kuomba. Mwaka ule walikuwa wanne kwenye orodha. Mimi niliandika barua. Barua nzuri, ya adabu, yenye nembo ya chuo na muhuri, nikiomba ukataji uahirishwe wiki sita hadi hesabu ya mwisho. Kamati walikubali, kwa heshima ya muhuri na kwa kuwa wanafunzi wangu ni watoto wao. Orodha ya wajane sikuiomba wala sikuiona. Nilihesabu kila kitu isipokuwa hicho.

Wiki ya pili baada ya barua tulikuwa kwenye ua wa makaburi tukihesabu, jua limeshachoma, nikamwona eddo anakuja kwa miguu kutoka barabarani. Mundu ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kiunoni. Nilifikiri anapita tu.

"Salaam aleikum, eddo."

"Waaleikum salaam, eddo. Hujambo? Watoto wa watu wamechoka na jua." Akasimama kando yangu, akachungulia ndani kupitia miiba. "Nimekuja kwa nyasi. Kwa kamati nimeenda. Wamesema nyasi iko kwa mwalimu ya chuo. Nikauliza, mwalimu gani? Wakasema ni wewe. Nikafurahi sana."

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ule upole tunaoutumia kwa wanafunzi waliofeli: kwamba hesabu ya mihula miwili ingeharibika, kwamba tukikata leo hatutajua nyasi zingekuwaje, kwamba ni wiki nne tu zimebaki.

"Wiki nne," alisema. "Ngombe yangu haijui wiki."

"Najua, eddo."

"Na hawa mbona wanakata?" Alikuwa anawanyooshea kidole wavulana wanaotoka na bahasha.

"Hao wanakata kidogo tu, ya kupima."

"Basi nibe na mimi kidogo. Ya kubima."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri chenji yake, halafu akaukaza ule mundu kiunoni. "Haya, eddo. Kazi ni kazi. Wiki nne nitafumilia." Akarudi barabarani kwa miguu vilevile alivyokuja. Ningemwita, angegeuka. Mlinzi alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, na ningemwambia neno moja tu angefungua.

Dakika chache baadaye mvulana mmoja aliniita kutoka ndani. "Madam, nyasi zimepakwa udongo."

"Udongo gani? Mvua haijanyesha. Ni vumbi hilo."

"Si vumbi, madam. Ni kama plasta. Imepanda mpaka juu ya jani."

"Nimesema mhesabu mimea," nilimjibu. "Udongo ni somo la muhula ujao." Wasichana wakacheka, na kwenye safu ya maoni wakaandika: udongo. Nilikuwa na hasira, si na yule mvulana, ila ndiye aliyekuwa karibu. Kama angekuwa mwalimu mwingine aliyelipuuza jambo lile, ningemwambia linasomwa ukurasa wa tatu tu wa kitabu. Lakini sikuwa nataka kusikia chochote kutoka ndani ya ule ua isipokuwa namba.

Maziwa yakaanza kupungua kikombeni. Chai ikawa ya rangi ya mchanga, kisha ya matofali. Malori ya kutoka Modogashe yalishusha mbuzi wasioweza kusimama, na mjini ng'ombe walikuwa wakitafuna maboksi kwenye milango ya maduka. Eddo naye alikuwa akikusanya maboksi ya biskuti, anayaloweka kwenye ndoo, anayachanachana. Aliniambia hivyo huku akinimiminia chai, bila kunitazama vibaya. Hilo lilinikera zaidi. Angenitukana ningejua pa kushika.

Asubuhi moja, zikiwa zimebaki wiki mbili, kibanda hakikufunguliwa. Nilikwenda Waberi. Ng'ombe alikuwa amelala na hawezi kuinuka, na majirani walikuwa wamekuja kumwinua. Aliyekulia huku anajua kazi hiyo: gunia hupitishwa chini ya tumbo, watu wawili kila upande, mmoja mkiani, mmoja kwenye pembe, na Bismillah. Nilishika gunia. Mbavu zake zilikuwa zinanigusa mkononi moja moja. Aliposimama, miguu ilitetemeka kwa muda mrefu, na sisi tukasimama tumemzunguka mikono imenyooshwa, kama watu wanaomfundisha mtoto kutembea.

Jirani mmoja, mwanamume, alimwambia eddo amchinje angali na pumzi, walau nyama iliwe. Akijifia atakuwa nyamafu, hatafaa kitu. Eddo alikataa. "Wiki mbili tu imebaki," alimwambia, akaninyooshea kidole. "Huyu eddo yangu ndiye ameshika nyasi. Muulize." Yule mwanamume akanitazama. Nikasema ndiyo, ni wiki mbili.

Nilirudi chuoni nikaingia maabara. Bahasha zote za muhula ule zilikuwa zimepangwa rafuni, na fundi wa maabara akaniuliza kama nimeshaandika uzito. Nilikuwa nimeshaandika. Nikazibeba kwenye mfuko, nikarudi Waberi nikamwekea ng'ombe. Alikula nyasi, halafu akala na bahasha, zilizoandikwa namba za fremu kwa kalamu nyekundu. "Anasoma!" eddo alisema, akacheka mpaka akajifuta macho na shungi. "Wallahi, huyu ataingia chuo." Nami nikacheka, na nikahisi mzigo umepungua. Ni aibu kuukumbuka wepesi ule. Nyasi zote za bahasha zile hazikujaza karai.

Njiani nikaamua: nitaiondoa barua. Nitakwenda kwa kamati Ijumaa baada ya sala, niseme nimeghairi, wajane wakate. Ijumaa ikafika na kikao cha idara, kikaendelea mpaka alasiri. Nikasema Jumatatu. Sitadanganya kwamba ni kikao kilichonizuia. Vikao nimevitoroka vingi maishani. Zilikuwa zimebaki siku chache na hesabu moja, na kila nilipofikiria kuirarua ile barua niliona jedwali lenye safu mbili zilizojaa na ya tatu imekatika katikati. Jumapili ng'ombe alikufa.

Walimfunga kamba, mkokoteni wa punda ukamburuta mpaka nje ya mji. Sikuwepo. Niliambiwa.

Hesabu ya mwisho ilifanyika siku kumi baadaye, kama ilivyopangwa. Wavulana waliingia na fremu, na mimi nikafungua daftari, kalamu mkononi. Namba hazikuja. Nikaita. Yule mvulana wa udongo akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Madam, hakuna kitu cha kuhesabu."

"Namna gani hakuna?"

Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeuvuta mlango wa miiba. "Ingia wewe," aliniambia. "Ingia ujione."

Niliwasalimu wafu, nikaingia. Kwa mbali nyasi zilionekana bado zipo, vishina vya rangi ya kahawia vimesimama au vimelala. Nikashika kimoja kikavunjika mkononi kama ganda la yai. Kilikuwa udongo mtupu, bomba jembamba la udongo lenye umbo la nyasi, na ndani hamna kitu. Nikabonyeza kingine, na kingine. Chini ya ganda, mchwa walikuwa wanakimbia kukikwepa kidole changu.

Hili ni jambo ninalolifundisha. Nyasi zikikauka na mnyama asizile, mchwa hupanda, hupaka udongo juu yake ili jua lisiwaunguze, na humo ndani hula kwa nafasi, siku na siku, mpaka libaki ganda. Hakuna sehemu isiyo na midomo. Hata wajane walijua. Ndiyo maana desturi ilisema wakate mara tu nyasi zinapokauka. Mimi niliyesomea ndiye niliyezilinda kwa barua na muhuri, nikawalindia mchwa. Nilikaa chini pale kwenye kijia. Wavulana walidhani nimezidiwa na jua, wakaniletea maji.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha.

Asubuhi iliyofuata nilikaa ofisini, mlango nimefunga, nikapiga hesabu. Namba zote nilikuwa nazo. Nilijua uzito wa nyasi katika fremu, nilijua ukubwa wa makaburi, na nilijua ng'ombe mdogo mwenye njaa anahitaji kiasi gani kwa siku ili asife tu, si anenepe. Nikagawa kwa wajane wote wanne. Kama zingekatwa siku ile aliyokuja na mundu, zikawekwa juu ya paa, fungu la eddo lingemfikisha ng'ombe siku thelathini na nane. Kutoka siku ile mpaka mvua zilikuwa siku thelathini na moja. Nikarudia hesabu, nikitafuta kosa. Sikupata. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mkobani.

Kibanda kilikuwa kimefunguliwa tena, kwa strungi, chai isiyo na maziwa. Nilimwambia eddo habari ya mchwa. Nilimwambia yote niliyoyaona mle ndani. Alisikiliza huku akipuliza makaa.

"Mchwa," alisema. "Kwa hiyo mchwa ndiyo imekula."

"Ndiyo, eddo."

Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kujulishwa: "Wewe umesoma. Ile nyasi, kama ningekata ile siku, ingebeleka ngombe mbaka mfua?"

Karatasi ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa mapajani.

"Isingemfikisha, eddo," nikasema. "Zilikuwa chache. Angekufa tu."

Hakuniapisha. Angeniapisha, sijui ningefanya nini. Alishusha mabega yake, akatoa pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Basi ni kadari ya Mungu. Mimi nilikuwa nafikiri..." Hakumalizia. Akanimiminia strungi, akatia sukari nyingi kama ninavyopenda, akasema, "Kunywa, eddo. Usihusunike na ngombe." Alinifariji yeye. Nikanywa. Nilijiambia nimemdanganya kwa ajili yake, ili alale. Uongo huo nao haukunisaidia sana.

Muhula uliofuata nilitunga mtihani wa mwaka wa kwanza. Swali la kwanza lilikuwa hili: uwanja wenye ua, ukubwa wake huu, uzito wa nyasi kavu katika fremu moja, huu, ng'ombe wanne, mahitaji yao ya siku, haya, mvua inanyesha siku ya thelathini na moja. Je, nyasi zitawafikisha? Onyesha njia. Makaburi sikuyataja, wala wajane. Wenzangu wa idara walilisifu swali, wakasema limekaa vizuri, la mazingira yetu. Kwa nini nilifanya hivyo, nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilitaka watu wengine waifanye ile hesabu, mikono themanini isiyo yangu, na mmoja wao apate jibu jingine.

Siku ya mtihani, baada ya kukusanya karatasi, nilitoka kwenda kunywa strungi. Wanafunzi nao wakaja, kundi zima, wakiwa bado wanabishana kama wanavyobishana siku zote wakitoka mtihani.

"Namba moja umepata ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Hata mimi. Na mvua ni siku ya thelathini na moja. Ng'ombe wametoboa, buda, wote wanne."

"Na hiyo si uwanja, ni makaburi," yule wa udongo akasema. Yeye sasa alikuwa wa mwaka wa juu, ameonyeshwa swali na hao wa mwaka wa kwanza. "Ni zile namba zetu. Sisi ndio tulihesabu."

Eddo alikuwa anamimina. Aliweka chupa ya chai chini, akawauliza kwa Kisomali wanasema nini. Wakamweleza kwa furaha, kila mmoja akimkatiza mwenzake, wakijivunia kumfundisha mtu mzima: nyasi zilikuwa kiasi hiki, ng'ombe anakula kiasi hiki, zinafika mvua na siku saba juu. Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, kikombe mkononi, na sikuweza kukiinua wala kukiweka chini.

Akanigeukia.

"Saba ilibaki?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Ndiyo."

"Na wale wajane wengine?"

"Hata pamoja nao."

Aliutazama uso wangu kwa muda, kama unavyomtazama mtu uliyedhani unamfahamu na kumbe umemfananisha. Nilitaka aanze kugomba, kwa ile sauti yake. Aliifuta meza. Akachukua kikombe changu kilichopoa, akamwaga, akaosha, akanijazia kingine.

"Chai yako, madam," alisema.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Bado nanunua kwake kila asubuhi, na kwenye somo la kwanza bado naingia na kikombe, ila mle ndani hamna maziwa ya kuulizia, nami hulitaja jua harakaharaka nikaendelea. Kila asubuhi namsalimu, "Salaam aleikum, eddo." Naye huniitikia vizuri, kwa adabu, ananipa kikombe kwa mkono wa kulia. "Waaleikum salaam, madam."